Mmbea Mwenye Subira

Benchi la kijiwe cha Makarasha, kule chini ya milima ya Sekenke, halikaliwi na mtu asiyelijua. Ni ubao mmoja mrefu wa matimba, zile mbao za kuzuia udongo usiporomoke duarani, ndani ya shimo la kuchimbia dhahabu, ulioopolewa kwenye shimo la zamani na kulazwa juu ya mawe mawili yasiyolingana. Ukikaa mwisho wa huku, lazima pawe na mwenzako mwisho wa kule, la sivyo ubao unainuka kama punda aliyekataa mzigo. Mwisho wa barabarani ulikuwa wa Mughwai, mwisho wa mlimani ulikuwa wa Calist, na kwa uzito wa hao wawili kijiwe kizima kilikunywa kahawa kwa amani. Siku hiyo Mughwai aliteremka kwenye bodaboda akitoka safari ya Mitundu, dumu la asali mkononi, tai ya kuendea ukweni bado shingoni. Hakujiuliza kwa nini benchi lilikuwa tupu na watu wote wamechuchumaa ukutani. Alijitupa mahali pake kwa kilo zake zote. Ubao ukapaa, yeye akashuka, na soli za viatu vyake zikatazama mbingu.

— Asalale! akasema akiwa chini, dumu amelikumbatia kama mtoto. Mtu mzima nimezunguka nusu ya Afrika. Lubumbashi sikuanguka, Beira sikuanguka, nimekuja kuangushwa na ubao! Yuko wapi mtani wangu Calist wa kunishikia upande wa pili? Au shimo limemmeza?

Alingoja kicheko. Alikuwa mtu aliyezoea kuchekesha, mwenye miaka hamsini na ushee, dereva wa malori mstaafu, ambaye watu walimwita Pasipoti kwa sababu hati yake ya safari iliyokwisha muda aliionyesha hata kwa mgambo wa mnadani. Kicheko hakikuja. Idrissa, muuza kahawa, aliacha kugonganisha vikombe.

— Mzee Pasipoti, alisema Idrissa taratibu. Tumemzika juzi.

Mughwai hakuinuka. Pale chini palikuwa na vumbi jeupe la mawe yaliyosagwa, nalo lilikuwa limeshamwingia mdomoni pamoja na yale maneno aliyoyasema. Alitamani kuyameza yote.

— Nani?

— Huyo uliyemuulizia.

— Na alivyofia ndivyo ulivyosema, akaongeza Leonard, ambaye hakuwahi kujua mahali pa kuishia. Walimwita Nusu Mchungaji, kwa kuwa chuo cha uinjilisti alikiacha katikati, na methali pia alizijua hivyo hivyo, nusu.

Walimnyanyua. Hakukaa tena kwenye benchi. Alichuchumaa ukutani kama wenzake, na benchi likabaki limepinda peke yake.

— Mbona hamkuniambia? Jamani! Nimekaa Mitundu nakula wali kuku kwa mkwe, namchezesha mjukuu, mtani wangu yuko kaburini?

— Mimi nilikupigia, alisema Stanley, mwenye duara. Simu ikasema unaongea na mtu mwingine.

— Hata mimi nilikupigia, alisema Leonard. Inatumika.

— Shikamoo mzee, mimi pia nilikupigia, alisema Miraji, kijana wa kuchaji simu kwa sola ambaye hata jina lake lilishapotea, aliitwa Chaji tu.

— Marahaba. Sasa ninyi wote mlinipigia, aliyenipata ni nani?

Wakatazamana.

— Mimi nilijua Stanley kakupata, alisema Leonard.

— Mimi nikajua ni Chaji, alisema Stanley.

— Wote mlipiga saa ile ile?

— Tulipomtoa shimoni tu, alisema Idrissa. Mnara mmoja huu, kijiji kizima kinapiga. Kila mtu anamwita kila mtu.

Mughwai akakumbuka. Simu yake siku ile iliita nusu, ikakata. Ikaita, ikakata. Alidhani ni wale wa kuuza bahati nasibu, akaizima ili mjukuu asinzie.

— Penye wengi hapaharibiki neno, alisema Leonard kwa kufariji.

— Leonard, nyamaza. Nipe kahawa, Idrissa. Usiweke tangawizi, leo sistahili.

Akanywa. Ilimuunguza, akashukuru.

— Sasa niambieni. Wale wambea wenu hawakulia?

Wambea ni visanduku vyekundu, kila kimoja mfano wa kipande cha sabuni, walivyoletewa na vijana fulani wa kampuni ya mjini. Mmoja huning'inizwa chini kabisa ya duara, wengine kwenye ngazi hadi mdomoni. Hawana waya. Udongo ukianza kupasuka, au mchimbaji akibonyeza kitufe, yule wa chini humpasha wa juu yake, naye humpasha wa jirani, na jirani wa jirani, mpaka neno likifikie king'ora kilichoko kwenye mlingoti wa karasha, mashine ya kusagia mawe. King'ora kinalia na kutaja duara, watu wanakimbilia kamba. Ndiyo maana wakaitwa wambea: hakuna anayekaa na habari moyoni. Mwanzoni walikuwa wachache na walifanya kazi safi. Kisha kila mwenye duara akataka wake wawe wengi kuliko wa mwenzake, na mlima ukajaa wambea kama sherehe ya ndoa ya pili.

— Walilia wote, alisema Chaji akitazama vidole vyake. Mvua ilipiga, udongo ukalegea mlima mzima. Wakalia wote kwa mpigo.

— Na king'ora?

— King'ora kilikohoa.

— Kilikohoa?

— Krr. Krr. Kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Halafu kimya.

— Mvuta kamba wangu alikuwa pale pale mdomoni, alisema Stanley. Anangoja king'ora. Mimi niliwafundisha hivyo: msishuke kienyeji, ngojeni king'ora. Maduara mengine watu walipanda wenyewe walipoona vumbi linadondoka. Calist alikuwa kwenye njia ya pembeni. Mita mia chini!

Stanley aliitwa Mita Mia kwa maneno hayo. Duara lake halikufika hata nusu ya hapo, na yeye mwenyewe hakuwahi kupita ngazi ya tatu.

— Sasa kwa nini king'ora kikohoe? aliuliza Mughwai.

Hapo ndipo kijiwe kikarudiwa na uhai, uhai mbaya, ule wa watu wanaoongea ili wasilie.

— Mimi nasema ni Wajerumani, alianza Leonard. Mlima huu waliuchimba wao zamani, mashimo yao bado yako humo ndani. Neno likipita shimoni kwao linasimamishwa. Linaulizwa kibali.

— Wajerumani gani, wamekufa wote!

— Ndiyo maana hawana haraka.

— Acha ujinga, alisema Stanley. Ni mnara wa simu. Mnara ule una njaa. Unakula sauti. Mbuzi wangu tangu ujengwe wamepunguza kulia.

— Mbuzi wako wamepungua, alisema Idrissa. Uliwauza.

— Nisikilizeni mimi! alisema Stanley. Dhahabu inavuta. Sumaku inavuta chuma, dhahabu inavuta maneno. Hamjaona tajiri akifika kikaoni, maneno ya maskini yanapotelea wapi?

— Hapo kasema kweli, alisema Leonard, na macho yake yakaanza kung'aa kama ya mtu aliyepata andiko. Basi neno la Calist halijapotea. Limo ndani ya mawe! Mifuko iliyopanda siku ile si ile pale karashani? Ikisagwa, atasikika.

Wote wakageuka bila kutaka. Mifuko ilikuwa imepangwa kando ya karasha, imefungwa midomo kwa kamba, na matope ya duara yamekauka juu yake. Hakuna aliyepeleka kikombe mdomoni. Upande wa mlima wingu lilikuwa linakaza rangi.

— Leonard, alisema Mughwai, chuo kilifanya vizuri kukuacha.

— Ni mimi niliyekiacha.

— Basi mlipishana mlangoni, kila mmoja anakimbia. Sikilizeni. Nilivyokuwa Kasumbalesa...

— Tumeanza! walisema watatu pamoja.

— Tumeanza, ndiyo. Kulikuwa na daraja la lori moja. Kila dereva na redio yake, ukitaka kupita unatangaza: napita. Siku moja mimi nikasema napita, na mwenzangu wa ng'ambo akasema napita, dakika ile ile. Tulichosikia sote wawili ni hiyo hiyo krr yenu. Kila mmoja akajua njia nyeupe. Tukakutana katikati, taa kwa taa. Nilirudi kinyumenyume na msururu wa malori nyuma yangu, natukanwa kwa lugha nne, moja siijui lakini nilielewa.

Idrissa alitabasamu kidogo, kisha akajizuia.

— Sasa mzee mmoja wa Kikongo akatupangia utaratibu. Kwanza, kabla hujasema, sikiliza. Ukisikia mwenzako anaongea, funga mdomo. Pili, mkigongana, kila mtu achume tawi la mgunga, ahesabu vijani vyake, ndipo aseme tena. Nikamuuliza, kwa nini tusihesabu wote mpaka kumi? Akanitazama kama mlivyonitazama nilipoanguka. Akasema, mkihesabu sawa, mtaropoka sawa. Tawi langu si tawi lako. Mwenye vijani vichache anatangulia, mwingine anamsikia, anangoja.

— Hiyo ndiyo subira, alisema Chaji.

Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeitapika.

— Subira ipi?

— Ya wambea. Walikuja nayo kutoka kiwandani. Mmbea akiwa na neno, anasikiliza kwanza. Akisikia mwenzake anasema, ananyamaza kidogo, kila mmoja kwa kadiri yake, halafu anajaribu. Na habari akishaisikia kwa majirani wawili, hairudii tena, asije akajaza kelele. Ndivyo walivyoumbwa.

— Sasa subira yao ilikwenda wapi?

Chaji akamtazama Stanley. Stanley akatazama mlima.

— Mliniambia niitoe, alisema Chaji. Kila mtu alikuja kwangu usiku kwa siri yake. "Chaji, wambea wangu wanachelewa. Wapandishe sauti. Watoe subira, wasingoje duara la mtu."

— Mimi nilisema ipunguze, alisema Stanley.

— Ulisema kama ipo, ing'oe.

— Walioanza si mimi! Duara la jirani lilikuwa linanipita. Wambea wao wanadakia, wangu wanangoja kama mabibi harusi. Ungefanyaje? Mwenda pole hajikwai, lakini habaki na kitu!

— Methali zangu niachie, alisema Leonard.

— Na wewe Leonard je, wa duara lenu la kanisa? aliuliza Mughwai.

Leonard akanywa kahawa iliyokuwa imekwisha.

— Nao, alisema Chaji. Hata wako, mzee Pasipoti, uliniambia tu wasipitwe na mtu.

Mughwai alikuwa na kiduara chake huko nyuma, shimo dogo ambalo mpaka siku hiyo lilikuwa limetoa maji ya chumvi na masimulizi. Akafungua mdomo kujitetea kwa mzaha. Akaufunga.

Ndipo walipomwona Dorika, mke wa Calist.

Alikuwa akishuka njia ya kutoka kwake, khanga kichwani, nyingine kiunoni, peke yake. Mjane hatoki nje hivyo. Watu walimpisha njia, kisha wakasimama kumtazama. Wanaume wa kijiwe wakainuka wote, na Idrissa akakiweka kikombe chini kama anayekiweka msibani.

— Shemeji, alisema Stanley, matanga hayajaanuliwa. Ungetuma mtu.

— Nimetuma tangu jana, alisema Dorika. Kila niliyemtuma amekuja kukaa hapa.

Akageuka kwa Mughwai.

— Umerudi, shemeji.

— Nimerudi, mama. Pole. Pole sana. Mimi... hawakunipata.

— Nasikia.

Mughwai alikuwa na neno la pole alilolipanga kichwani, zuri, lenye heshima. Lilimponyoka. Akanyoosha dumu la asali, akaona linavyoonekana la kijinga, akalishusha tena. Mwanamke alikuwa ameshamgeukia Chaji. Akafungua pindo la khanga kiunoni, akatoa kisanduku chekundu. Kilikuwa na udongo kwenye mikunjo yake, na ufa pembeni. Katikati kulikuwa na taa ya njano, ikiwaka na kuzima, ikiwaka na kuzima, kama jicho la mtu anayepigana na usingizi.

— Alikutwa nacho kifuani, alisema. Nimekiosha kama nilivyomwosha yeye, hakizimi. Usiku kinamulika chumba kizima. Mama mkwe anasema kitupwe. Wewe ndiye fundi. Hiyo rangi maana yake nini?

Chaji hakunyoosha mkono.

— Nyekundu, alisema, maana yake amesema. Kijani, hana neno.

— Nimekuuliza njano.

— Njano maana yake ana neno. Hajalisema.

— Kwa nini hajalisema?

— Anangoja wengine wanyamaze.

Upepo ukavuka na vumbi la karasha. Chaji akaendelea, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumsaidia:

— Calist ndiye pekee aliyekataa nimguse mmbea wake, shemeji. Alinicheka. Alisema mmbea asiye na subira ni mlevi tu. Basi huyu amebaki na adabu yake. Alisikiliza, akasikia wenzake wanapiga kelele, akangoja. Akasikiliza tena, bado wanapiga kelele. Hata sasa hivi anawasikia. Wako huko mlimani, mvua inakuja, hawanyamazi.

— Kwa hiyo mume wangu alibonyeza.

— Alibonyeza.

Dorika aliitazama ile taa. Hakulia. Mughwai, ambaye amezika watu kandokando ya barabara za nchi tano, aliona afadhali angelia.

— Na huyu, alisema Dorika, alikuwa anamngoja nani hasa?

Hilo ndilo lililokuwa swali lenyewe, fupi kuliko Wajerumani, kuliko mnara, kuliko dhahabu inayovuta maneno. Kila mmoja alilisikia likipita kwake, na kila mmoja akamwachia mwenzake alipokee.

Kisha wakaanza wote pamoja.

— Unajua shemeji, mambo ya mitambo...

— Mimi kwa kweli nilitaka tu...

— Kazi ya Mungu haina...

— Kama si mvua...

— Kimya! Mughwai alipiga kelele, akanyakua kikombe kwa Idrissa na kukiinua juu. Mwenye kikombe ndiye anayesema! Wengine wanasikiliza. Mimi nasema hivi: turudishe subira. Leo. Chaji apite kila duara.

Akampa Chaji kikombe.

— Naweza, alisema Chaji. Ila lazima iwe wote. Ukiirudisha kwako peke yako, na wengine wanadakia, wako ndiye atakayekuwa kama huyu. Atangoja mpaka kiama.

Kikombe kikaenda kwa Leonard.

— Duara la kanisa tuko tayari, alisema Leonard. Wengine wakishaanza.

Kikarudi kwa Mughwai, na Mughwai akajisikia akisema, kwa sauti yake mwenyewe iliyopendwa na watu kutoka Issuna mpaka Beira:

— Na mimi niko tayari. Kama wote.

Akakitazama kikombe mkononi mwake. Akaona aibu kuliko alipoanguka.

— Idrissa, ongeza kahawa, alisema, apate tu la kusema.

Idrissa aliinamisha birika. Likatoa tone moja, kisha mashapo.

— Imekwisha.

Ngurumo ikapita nyuma ya mlima. Juu ya mlingoti king'ora kikafanya krr, mara moja, na watu wote wakainua shingo, wakangoja kitaje duara. Hakikutaja. Stanley akachukua kikombe kitupu kutoka kwa Mughwai, maana zamu ilikuwa yake, akakohoa kidogo.

— Shemeji, mimi ni mtu mzima. Kosa lipo, silikatai. Lakini kuanza peke yangu siwezi, utakuwa umesikia fundi alivyosema. Tuzungumze baada ya matanga, tuite kikao, tuunde kamati. Ila saa nane duara linafunguliwa, siwezi kulifunga siku zote, na nafasi ya marehemu nimempa mdogo wake Joseph, nikasema shemeji yako asikae na njaa. Anajua kazi, kijana mzuri. Basi mwambie awahi, mvua isije ikamkuta njiani.

Akanyoosha kikombe, kumpa Dorika zamu. Dorika hakukipokea. Alikifunga kile kisanduku ndani ya pindo la khanga, taa yake ikawa inaonekana kwa mbali tu kupitia kitambaa, njano, ikiwaka na kuzima. Akamtazama Stanley kuanzia kofia mpaka viatu, viatu visafi visivyojua ngazi ya nne.

— Joseph hashuki. Shuka mwenyewe.